Maisha ya Marehemu Datius Kagaruki: Kutoka Bwana Afya Hadi Mwenyekiti wa Umoja wa Tisa

Baba Mchungaji, viongozi wa Umoja, majirani wa Buganguzi, na wageni mliotoka Bukoba mjini, visiwani na kwingineko: familia imeelekeza kwamba maisha ya mpendwa wetu yasomwe kwa kufuata tarehe, kwa sababu yeye mwenyewe asingekubali mpangilio mwingine. Kila tarehe mtakayoisikia imehakikiwa katika mafaili yake, ambayo ni arobaini na saba. Na kila neno lililonukuliwa limethibitishwa na aliyelisema, au na mtu aliyekuwapo akicheka.

Datius Kagaruki alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1952, katika kibanja hiki hiki tulimosimama, hapa Buganguzi, wilaya ambayo leo ni Muleba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Aroni Kagaruki, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na mkewe Ma Evodia Kokubanza. Alibatizwa Jumapili ya Pentekoste, tarehe 1 Juni 1952. Dalili za kazi atakayoifanya zilionekana mapema. Akiwa na umri wa miaka saba alisimama mlangoni mwa jiko akamzuia bibi yake mzaa baba kuingia kumenya ndizi kabla hajanawa.

"Waitu!" bibi alishangaa. "Nimemlisha baba yako na ndugu zake saba kwa mikono hii hii, na wote wako hai!"

"Labda walikuwa na bahati, bibi," alijibu Datius, akamsogezea maji.

Bibi alinawa. Alisimulia kisa hicho kwa miaka ishirini, mara kwa fahari na mara kwa malalamiko, kutegemea nani alikuwa anasikiliza.

Alipata elimu ya msingi na ya kati hapa nyumbani kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, kisha sekondari mjini Bukoba kuanzia 1968 hadi 1971. Katika miaka yote minne ya sekondari alichaguliwa kuwa kiranja wa usafi bila mpinzani. Aliamini hadi uzeeni kwamba hiyo ilikuwa ishara ya kupendwa, na wenzake wa darasani, ambao wawili wapo hapa leo, hawakupata moyo wa kumweleza kwamba hakukuwa na mwanafunzi mwingine aliyeutaka wadhifa huo. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1972, alisomea uafisa afya kuanzia 1973 hadi 1975, akahitimu akiwa wa tatu katika darasa lake. Aliyekuwa wa kwanza na aliyekuwa wa pili aliwataja kwa majina mpaka mwisho wa maisha yake, na bila kinyongo kikubwa.

Aliajiriwa siku ya Jumatatu, tarehe 2 Februari 1976, akapangiwa Muleba. Wakati wa vita, mwishoni mwa mwaka 1978, alisimamia uchimbaji wa vyoo katika makambi ya waliokimbia kutoka mpakani. Watu wengi waliopita katika makambi hayo hawakujua jina lake, ila walikumbuka kijana mwembamba mwenye tochi aliyekuwa akiuliza kila asubuhi kama mifuniko imerudishwa. Mwaka 1979 alihamishiwa Bukoba mjini, ambako alitumikia hadi kustaafu: kwanza msaidizi, kisha Bwana Afya wa mji, na hatimaye msimamizi wa maafisa afya wote wa manispaa.

Katika utumishi wake alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja. Hakupokea kitu chochote kutoka kwa mwananchi akiwa kazini. Hakupokea samaki, hakupokea mkungu wa ndizi, na, jambo lililowashangaza watu wa kwetu kuliko yote, hakupokea hata akamwani. Wenyeji hawahitaji kuelezwa, ila kwa ajili ya wageni itajwe kwamba akamwani ni buni zetu zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa azitafune kabla ya mazungumzo yoyote. Anayezipokea amekuja kwa heri. Anayezikataa, mwenye nyumba huanza kujiuliza amemkosea nini. Marehemu aliona kwamba mtu ambaye leo amekupa buni, kesho utashindwa kumwambia kwamba bucha lake lina inzi. Kwa hiyo kila alikokaribishwa alitoa jibu moja lenye maneno matatu: "Asante, niko kazini." Wauza nyama wa sokoni walimpa jina la Bwana Asante, na alidhani wanamsifu kwa adabu.

Kanuni hiyo nusura imkoseshe mke. Ijumaa ya tarehe 11 Januari 1980, wazee wetu walikwenda Kitendaguro, nyumbani kwa Mzee Mwesiga, kumwombea uchumba wa binti yake Hellen. Marehemu alitoka moja kwa moja kwenye ukaguzi wa mashine za kusaga, akafika akiwa na sare na mkoba. Kikapu kidogo cha akamwani kilipomfikia, mazoea yalimtangulia.

"Asante," alisema, "niko kazini."

Mzee Aroni aliinamisha kichwa. Mzee Mwesiga aliweka kikapu chini polepole.

"Uko kazini?" aliuliza. "Kwani umekuja kumkagua binti yangu?"

Mjomba wetu mmoja alinyoosha mkono haraka akachukua buni za watu wawili, akazitafuna zote kwa kelele, na mazungumzo yakaendelea kwa shida. Baadaye Mzee Mwesiga aliwaambia jamaa zake kwamba amempenda kijana. Alisema mtu anayeogopa kula buni mbele ya mkwe hataweza kula mali ya serikali. Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1980, nao wakajaliwa watoto watano: Jovita, Wilbert, Annastella, Kamala, na Mwesiga, ambaye alitangulia mbele za haki mwaka 1989 akiwa na miezi minane. Marehemu hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Katika faili la mtoto huyo kuna karatasi moja tu, kadi ya kliniki, na imefunikwa kwa plastiki mara mbili.

Nyumbani kwake, huko huko Kitendaguro, alikuwa baba mpole ila mwenye taratibu. Mwaka 1994 mkewe, Mama Jovita, alianza kuuza maandazi barazani. Tarehe 9 Mei mwaka huo alipokea barua iliyowekwa juu ya mto wake wa kulalia, yenye kumbukumbu namba na kichwa cha habari "Yah: Kabati la Maandazi Lisilo na Wavu", ikimpa siku kumi na nne za kurekebisha. Alijibu kwa maandishi siku ya pili, naye pia akiweka kumbukumbu namba. Kichwa chake kilikuwa "Yah: Fundi wa Wavu Anayelala Chumba Hiki Hiki", na nakala ilipelekwa kwa Mchungaji wa Usharika na kwa mama mkwe. Wavu ulipigiliwa Jumamosi hiyo na marehemu mwenyewe. Barua zote mbili ziko katika faili namba kumi na mbili, na Mama Jovita ameruhusu zitajwe.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2012, siku alipotimiza miaka sitini. Wafanyakazi wenzake walimpa saa ya ukutani, naye akawaomba wasaini hati ya makabidhiano. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kwa familia. Alikagua jiko saa mbili kila asubuhi. Aliweka namba kwenye migomba. Mama Jovita alimwendea Mchungaji akamwomba amtafutie mzee kazi yoyote, hata ya kuimba kwaya, ingawa sauti yake ilijulikana.

Kazi ilipatikana kwa njia ambayo haikutarajiwa. Wakati huo mitaa na miji midogo ya mwambao, mitano ya upande wa Bukoba na minne ya upande wa Muleba, Kamachumu na kisiwa cha Bumbire ikiwamo, ilikuwa imeanza kuzungumza juu ya kuungana. Kila masika taka za huku juu zilishuka kwa mifereji hadi ziwani, na hakuna mtaa ulioweza kuzizuia peke yake. Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2014 wenyeviti wote tisa walikutana mjini kuanzisha umoja na kumchagua mwenyekiti. Marehemu alialikwa kama mzee wa kutoa nasaha za afya. Wenyeviti walibishana tangu saa tatu hadi saa saba, kwa kuwa kila mmoja alihofia kwamba mwenzake akikalia kiti atavutia kwake. Saa saba na robo marehemu alitoka kwenda kukagua choo cha ukumbi. Aliporudi akiwa na dondoo zake mkononi, alikuta watu wanampigia makofi.

"Choo kina kasoro nne," alisema.

"Mwenyekiti, kaa kwanza," Mzee Mugisha, mwenyekiti wa Kamachumu, alimwambia.

"Mwenyekiti nani?"

"Wewe. Huna mtaa, huna mji, huna wa kumpendelea."

"Mbona sikuulizwa?"

"Ndiyo maana tuliwahi. Ungekuwapo ungekataa."

Hivyo ndivyo mtumishi wa umma wa miaka thelathini na sita alivyokuja kuwa kiongozi wa Umoja wa Mitaa na Miji ya Mwambao, ambao watu waliufupisha kuwa Umoja wa Tisa.

Januari 2015 shirika moja la wahisani liliahidi kuupatia Umoja gari la kubeba taka, kwa sharti kwamba wanachama wote tisa waweke saini na mihuri kwenye hati moja ya makubaliano kabla ya kufika mwisho wa tarehe 30 Juni 2016. Saini zikipungua hata moja, gari lingekwenda mkoa mwingine, na wenyeviti walikwisha kusema wazi kwamba bila gari hawaoni sababu ya kuendelea na Umoja. Marehemu alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko mtu yeyote. Katika ujana wake alikuwa amezika wagonjwa wa kipindupindu, na aliwakumbuka kwa majina. Alimwambia Mama Jovita kwamba anaogopa kitu kimoja tu: watu wa Bukoba na Muleba wamemkabidhi kitu hai, kisije kikamfia mkononi.

Alianza kwa njia aliyoijua. Aliandika barua. Barua ya kwanza, ya tarehe 2 Februari 2015, ilisema: "Mnaagizwa kufika bila kukosa." Alifika mwenyekiti mmoja, wa Kitendaguro, jirani yake, ambaye alidhani anaitwa kwa ajili ya choo chake na alikuja na fundi. Marehemu alituma Kikumbusho cha Kwanza, kisha cha Pili, kisha cha Tatu na cha Mwisho. Hakuna aliyejibu isipokuwa Bi Zabibu Uledi, mwenyekiti wa Bumbire na mnunuzi wa dagaa, aliyepiga simu.

"Mzee Kagaruki, barua zako zinafika," alisema. "Karatasi yake ni nzuri sana. Tunafungia dagaa."

Katika utumishi wa umma, barua ya Bwana Afya ilikuwa na mahakama nyuma yake. Barua ya Mwenyekiti wa Umoja haikuwa na chochote nyuma yake isipokuwa Mwenyekiti mwenyewe, na hilo lilimchukua mwaka mzima kulielewa. Mwanzoni mwa mwaka 2016 aliamua kuwafuata wanachama majumbani. Alipita bara yote kwa pikipiki ya kukodi, akiwa na hati kwenye mkoba. Kila nyumba alipokewa vizuri, akawekewa kiti, akaletewa kikapu cha akamwani, na kila nyumba, kwa mazoea ya miaka thelathini na sita, alisema, "Asante, niko kazini." Wenyeji walisoma hati kwa makini, wakaisifia lugha yake, wakamsindikiza hadi barabarani. Hakuna aliyesaini. Marehemu alihitimisha kwamba tatizo liko kwenye kifungu cha nne, kinachohusu njia za gari. Alikiandika upya mara tatu.

Mwezi Mei, ikiwa imebaki miezi isiyotimia miwili, Mzee Mugisha alichoka kuona kifungu cha nne kikirudi Kamachumu.

"Datius," alimwambia, "hati yako haina ubaya. Wewe ndiye una ubaya. Unakuja kwangu, unakataa buni zangu, halafu unaniomba saini. Mke wangu ananiuliza kila ukiondoka: huyu mtu tumemfanya nini?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazini kwa nani? Serikali ilikuaga kwa saa ya ukutani, mimi mwenyewe nilikuwapo!"

Marehemu alirudi Kitendaguro. Mama Jovita anasema alikaa barazani mpaka chai ikapoa, kisha akauliza kama kweli mtu aliyestaafu anaweza kutafuna. Alimjibu kwamba amekuwa akimsubiri aulize hivyo tangu siku ya uchumba. Lakini marehemu hakuwa mtu wa kubadili kanuni kwa mdomo. Katika faili namba arobaini na moja ipo barua ya tarehe 30 Mei 2016, aliyoiandika kwa mkewe: "Yah: Maombi ya Ruhusa ya Kutafuna Buni kwa Madhumuni ya Umoja." Chini yake, kwa mwandiko wa Mama Jovita, pameandikwa: "Imeridhiwa. Atafune. Na akipewa supu, anywe."

Kuanzia tarehe 13 Juni alizunguka upya. Alitafuna Kitendaguro, alitafuna Kamachumu, alitafuna kote bara, akiomba radhi kwa kila mama mwenye nyumba. Kwa kuwa hakuwa amezoea, na kwa kuwa kila mtu alitaka kumwona kwa macho yake akitafuna, alipewa nyingi mno, na kwa siku kumi na moja hakupata usingizi wa maana. Watu waliosikia habari walikuja kusimama uani. Kamachumu, Mzee Mugisha aliita majirani washuhudie. Saini zilikuja moja baada ya nyingine, na tarehe 24 Juni zilikuwa nane. Ilibaki ya Bumbire.

Jumanne ya tarehe 28 Juni, zikiwa zimebaki siku mbili, alivuka kwenda kisiwani kwa boti ya injini. Alifika kama saa sita mchana na kumkuta Bi Zabibu kwenye vichanja vya dagaa pamoja na akina mama wengine. Kwa bidii ya mtu aliyejifunza jambo jipya uzeeni, hakusubiri kukaribishwa. Alitoa mfukoni kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Bi Zabibu, nimekukosea. Leo sikuja kwa barua. Tafuna kwanza, ndipo tuzungumze."

Bi Zabibu aliziangalia buni, kisha akamwangalia yeye. "Mzee Kagaruki, leo ni mwezi gani?"

"Juni. Tarehe ishirini na nane."

"Huo wa kwako. Wa kwangu?"

Marehemu alifikiri. Kisha alilifunga lile jani taratibu sana. Ilikuwa Ramadhani, na siku ishirini na zaidi za funga zilikuwa zimepita.

"Maisha yako yote umekataa za watu," alisema Bi Zabibu. "Siku uliyozikubali, unapanda boti kuja kunilisha mchana wa mfungo!"

Vichanja vilitikisika kwa vicheko. "Mpe notisi, Mwenyekiti!" mama mmoja alipaza sauti. "Siku kumi na nne!"

Marehemu aliomba radhi akiwa amevua kofia. Walimletea chai, kwa kuwa ni msafiri, naye akaikataa, ila safari hii kwa sababu nyingine: alisema hawezi kunywa mbele ya watu waliofunga. Akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akasubiri kama wao. Alipokuwa akisubiri alikagua vyoo vya mwalo, yaani bandari hiyo ya wavuvi, kwa kuwa hakuweza kujizuia, na kwenye cha Bi Zabibu aliandika "Safi sana", maneno ambayo maafisa wenzake wanathibitisha hawajawahi kuyaona kwenye ripoti yake yoyote.

Saa kumi Bi Zabibu alikuja kukaa upande wa pili wa mtumbwi.

"Sasa nina swali moja," alisema, "ambalo mwaka mzima hukuniuliza kama ninalo. Hilo gari litafikaje hapa? Lina mapezi?"

"Kwa mujibu wa kifungu cha nne," alianza marehemu. Akalitazama ziwa, akaitazama hati, akasema, "Sijui."

Bi Zabibu ametueleza juzi, nyumbani kwenye msiba, kwamba hilo ndilo neno lililomshinda. "Nilijiandaa kubishana naye mpaka futari," alisema. "Akasema hajui. Sasa ningebishana na nini?"

Walipanga pamoja mpaka jua likashuka. Walikubaliana kwamba kila Alhamisi boti ya kisiwa itabeba taka, nyavu mbovu na plastiki hadi mwalo wa bara, na kwamba saa tatu kamili asubuhi gari la Umoja litakuwa linaisubiri. Marehemu alikiandika kifungu hicho kwa mkono, kwa mara ya kwanza akiandika jambo aliloambiwa na mtu mwingine. Baada ya futari ya uji, viazi na sato, Bi Zabibu alisaini na kugonga muhuri. Kisha aliomba buni moja, akaitafuna, akakunja uso.

"Kumbe ndiyo hii mliyokuwa mnanuniana kwayo!" alisema.

Hati yenye saini tisa iliwasilishwa tarehe 30 Juni 2016, saa nne na dakika kumi asubuhi. Gari lilifika mwezi Oktoba. Kwa miaka tisa iliyofuata marehemu aliongoza Umoja bila kumwagiza mtu. Kwenye nakala za barua zake "mnaagizwa" iligeuka kuwa "mnaombwa", kisha "tafadhali njooni", na miaka ya mwisho aliacha kuandika, akawa anapiga simu na kuuliza kwanza habari za nyumbani. Bi Zabibu alikuwa makamu wake kuanzia mwaka 2018 na alimpinga katika kila kikao. Pembeni mwa mihtasari, kwa kalamu nyekundu, marehemu ameweka alama ya vema penye kila pingamizi ambalo baadaye lilionekana kuwa sahihi. Alama hizo ni nyingi.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka 2024 figo zikaanza kushindwa kazi. Alitibiwa hapa mkoani na baadaye Mwanza. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa kwa subira yao.

"Mzee, hapa wewe ni mgonjwa," muuguzi mmoja alimkumbusha siku moja.

"Najua, binti yangu," alijibu. "Ila ile ndoo haina mfuniko."

Kesho yake ndoo zote za wodi zilikuwa na mifuniko, naye akalala vizuri.

Ugonjwa haukumsumbua kama swali la nani atashika kiti. Upande wa Bukoba ulitaka mtu wake, upande wa Muleba ulitaka wake, na yale mabishano ya mwaka 2014 yalikuwa yanarudi. Mwezi Agosti mwaka huu Mzee Mugisha alikwenda kumwuliza kitandani, "Datius, tumchague nani?"

"Mchagueni anayenibishia," alisema.

Katika uchaguzi wa Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2025, Bi Zabibu Uledi alipata kura tisa kati ya tisa, akataka zihesabiwe tena. Zilihesabiwa tena. Marehemu alipoletewa habari aliomba asomewe mara mbili, kisha akaomba supu.

Datius Kagaruki aliaga dunia nyumbani kwake Kitendaguro siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tatu, miezi saba na siku ishirini na nane. Muda mfupi kabla, aliuliza leo ni siku gani. Mama Jovita akamwambia ni Jumanne. "Basi bado siku mbili," alisema, na hakusema neno jingine.

Hatukuelewa mpaka juzi. Alhamisi saa moja asubuhi wenyeviti wote tisa walikuwa wamekaa msibani, Kitendaguro, wakati dereva wa gari la Umoja alipopiga simu kuuliza kama gari lisimame kwa ajili ya maombolezo. Mzee Mugisha alisema lisimame, kwa heshima. Wengine wakaafiki. Wote wakamgeukia Mwenyekiti.

"Boti imeshaondoka kisiwani," alisema Bi Zabibu. "Nani atakwenda kuiambia majini kwamba tuna heshima? Gari liende."

Saa tatu kamili boti ilifika kwenye mwalo. Gari lilikuwa pale.

Marehemu ameacha mjane, Mama Hellen, watoto wanne: Jovita, wa Bukoba, Wilbert, wa Mwanza, Annastella, wa Muleba, na Kamala, wa Dodoma, wajukuu kumi na mmoja, ndugu watatu, na Umoja wenye wanachama tisa, walio hai wote na ambao hata asubuhi hii wamebishana nani atangulie kubeba jeneza.

Tunamshukuru Mungu kwa maisha yake. Bwana ampokee mtumishi wake Datius, na amjalie pumziko lenye amani.